Siku ya Sita, Sitini na Tatu

Mwalimu wa takwimu alimfutia mama mfagizi hesabu ya siku nzima, akamdhalilisha mbele ya wanafunzi arobaini, na alijua vizuri anachofanya.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba. "Mama, wewe uko getini kila asubuhi. Nihesabie wanaochelewa, siku kumi tu. Siku ya somo utaingia ukae, nikuonyeshe kubonyeza kikokotoo."

Kukaa darasani! Alitolewa darasa la pili akalee wadogo zake, na tangu hapo dawati alilijua kwa kulipangusa. Vikokotoo vya shule alivifuta vumbi kila Ijumaa, kidole kikitambaa juu ya vitufe bila kuthubutu kubonyeza. Basi akahesabu. Kila mchelewaji mstari mmoja wa mkaa kwenye kipande cha boksi. Hakuruka hata mtoto mmoja.

Siku ya somo alivaa gauni lake la kutokea, akakaa dawati la nyuma, kikokotoo kiganjani. Tisa, kumi na moja, nane... wanafunzi wakaingiza. Siku ya sita: sitini na tatu.

"Hiyo iacheni," mwalimu akasema. "Aliyetuhesabia hakusoma. Labda alisinzia."

Darasa likaangua kicheko.

"Sikusinzia, mwalimu. Ndiyo siku bomba la maji lilipasuka, barabara ikawa mto."

"Mama, kikokotoo hakidanganyi."

"Hakidanganyi, mwanangu, ila kinakula unachokilisha."

Msichana wa mbele, waliyemwita Kasuku kwa mdomo wake, alikuwa ameshabonyeza. "Mwalimu, tukiiweka, wastani ni kumi na tano na ushei. Tukiitoa, kumi. Tuandike upi?"

"Kumi," akajibu, maana karatasi ilikuwa ya kwenda kwa mkuu wa shule, naye alitaka wachelewaji waonekane wachache. Kisha akakichukua kikokotoo mkononi mwa mama, akampa mwanafunzi asiyekuwa nacho. Mama hakuwa amebonyeza hata kitufe kimoja.

Na siku ile ya bomba, mwalimu huyohuyo alipita getini amechelewa, suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi. "Mama, leo tumekoma!" alimwambia.

Mama bado anafagia. Ijumaa anavifuta vikokotoo, na vitufe bado anavitamani. Mwalimu ana deni lake: aliite darasa lilelile, aseme kweli, kisha amwache mama aingize sitini na tatu kwa kidole chake mwenyewe.