Ayubu na Kreti la Soda

Enzi za ruksa zilipotufikia Bariadi, maduka yalijaa vitu, na karatasi, ambayo zamani tuliipata kwa kubembeleza, ikawa inauzwa hata kwa wauza viberiti. Basi sisi wachache tuliopenda kuandika tukaanzisha jarida. Parokia ilituazima mashine yake ya kurudufu, iliyotupaka wino mpaka masikioni, na mhariri wetu alikuwa mwalimu wa sekondari. Mimi nilikuwa katekista. Namshukuru Mungu kwa kazi zote mbili, ingawa ile ya jarida ilinifundisha unyenyekevu kwa haraka zaidi.

Toleo la pili lilipokaribia, mashairi mawili yaligombea ukurasa wa kwanza. Moja lilikuwa langu, kuhusu subira ya Ayubu, nalo lilikuwa na beti nyingi kama shida za Ayubu mwenyewe. La pili lilikuwa la fundi baiskeli wa Dutwa, kuhusu wanunuzi wapya wa pamba waliokuwa wakiwabembeleza wakulima kama wachumba. Ukurasa ule niliutaka sana. Nilikwisha kuutangaza baada ya ibada kuwa ni wangu, na mke wangu alikwisha kuwaambia kaka zake wa Ngulyati, watu ambao hawajawahi kuamini kwamba dada yao alipata mume wa maana.

Kamati ikagawanyika katikati. Mhariri akakuna kichwa, akasema, "Jamani, sisi ni Wasukuma. Tushindane kama ngoma."

Kwetu, baada ya mavuno, vikundi viwili vya ngoma hucheza kwenye uwanja mmoja, wakati uleule, kila kimoja upande wake. Watazamaji huhama huku na huko, na kinachovuta umati mkubwa ndicho mshindi. Wote tuliokuwa kwenye kikao, wasomi kwa waumini, tuliona ni busara tupu. Hakuna aliyekumbuka kwamba ngoma hutazamwa, na shairi lazima lisikike.

Jumapili mchana watu wakajaa uwanjani. Fundi alipanda juu ya mkokoteni. Mimi, kwa kuwa ni mfupi, nilitafuta cha kusimamia, nikaliona kreti tupu la soda, nikapanda. Mke wangu akanisogelea.

"Anzia kwenye majipu," akanong'ona. "Watu wanapenda majipu."

"Majipu yako mbele. Kwanza lazima ng'ombe waishe."

"Haya. Ila wamalize haraka, hapa watu wana uchungu na ng'ombe."

Fundi akapaza sauti kutoka ng'ambo, "Katekista, umekuja na dawa ya mvuto?"

"Nimekuja na rozari."

"Ngosha, mwanaume mwenzangu, kumbe leo napambana na wakubwa."

Mhariri akapuliza filimbi, nasi tukaanza pamoja. Nilipaza sauti, naye akapaza yake. Waliosimama katikati walimsikia Ayubu akilia kwamba mzani wa pamba umechezewa, na mnunuzi wa pamba akikaa juu ya majivu akijikuna kwa kigae. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha fundi akaanza kupiga kengele ya baiskeli kila mwisho wa ubeti, na hapo umati ukahama. Wanakwaya wangu nao wakahama, wakiwa wameinamisha vichwa kwa heshima. Mwishowe mke wangu akasema, "Naenda kuangalia tu wanacheka nini." Hakurudi.

Alibaki bibi mmoja. Alisimama mbele yangu, mikono kifuani, macho yake hayajanitoka. Moyo wangu ukajaa shukrani. Nikajiambia, Bwana alisema wakiwepo wawili watatu, nasi, mimi na bibi huyu, tumetimia. Nikamsomea yeye beti zote, hata zile nilizokuwa nimepanga kuziruka. Nilipomaliza nilishuka, nikamshika mkono, nikamshukuru kwa Kisukuma kama mama yangu.

"Mayu, wabeja sana. Umenisikiliza mpaka mwisho."

"Wabeja, baba. Sasa nipe kreti langu, gari la soda linataka kuondoka."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ningekukatizaje, nawe unasema habari za Mungu? Nilidhani yule mzee wako atakufa upesi. Kumbe mgumu."

Akajitwika kreti lake, akaenda. Sijawahi kuona subira iliyozidi ile, na Ayubu anisamehe.

Ukurasa wa kwanza ukawa wa fundi. Langu likawekwa ukurasa wa mwisho, mgongoni mwa jarida, na kwa sababu ya urefu wake herufi zilibanwa kama dagaa wa Lamadi. Kwa wiki nzima sikuzungumza habari za fasihi nyumbani. Nakala zilizobaki mhariri alimpa yule bibi wa kreti, ambaye pia aliuza karanga za kukaanga, azifungie karanga zake. Naye alikuwa na mtindo wake wa kufunga: ukurasa wa mwisho ulikaa nje.

Siku moja mke wangu alirudi kutoka Ngulyati, akavua kandambili, akakaa.

"Kaka yangu mkubwa amesoma shairi lako," akasema.

"Lipi?"

"Unayo mangapi? Alinunua karanga hapa mjini."

Nilijifanya naweka sawa taa ya chemli. "Amesemaje?"

"Anauliza kama Ayubu alipona. Mwisho umelowa mafuta, hausomeki."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia anunue karanga nyingine."