Mistari Minne ya Anjela

Naungama. Anjela, binti kutoka kijiji cha Mofu tuliyemwajiri juzi juzi hapa Ifakara, aliandika mistari minne ya msimbo ya kuongeza kwenye kiini cha Linux, mfumo unaoendesha kompyuta zetu, ili kompyuta ionyeshe kila faili lililo wazi limefunguliwa na programu gani, na tangu lini. Nikapewa niikague. Ilikuwa safi kama mchele uliopepetwa, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Shikamoo mzee. Umeionaje?"

"Marahaba. Ifute. Nani anahitaji kujua hayo? Mtu mwenye akili akiandika programu, inafunga mafaili yake."

Hakubisha. Aliomba tu aijaribu kwenye seva yetu ya takwimu za mbu wa kijiji cha Namawala, ile inayokwama kila wiki nami nalaumu umeme. Akaiweka Jumatatu. Ijumaa nikaita ofisi nzima ije ione anavyoumbuka.

Skrini ikajaa mafaili, mamia kwa mamia, yako wazi tangu Jumatatu, na ndiyo yaliyokuwa yakiilemea seva mpaka inakwama. Yote yalifunguliwa na programu moja, na jina la aliyeiandika ni langu.

Anjela akauliza taratibu, "Mzee, bado niifute?"

Nina mvi, naye ni rika la binti yangu. Nikasimama mbele ya wote, nikamwamkia, "Shikamoo."