Jagi la Togwa Lililompandisha Mjomba Kizimbani

Naona aibu hata kuandika, lakini nusu ya mtaa wetu wa Magomeni wameshaisimulia kwa kuongeza chumvi, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe: mjomba wangu Salumu, muadhini wa msikiti wetu, mtu asiyejua hata harufu ya bia, alishtakiwa hapa Kilosa kwa kuendesha gari akiwa amelewa, na aliyemlewesha ni mimi, binti wa kidato cha tatu, kwa kijiko kimoja cha hamira.

Nilikuwa nimewaahidi wenzangu togwa, kile kinywaji kitamu cha kimea kisicholevya, ila yenye gesi kama soda (mwalimu wa kemia msimlaumu, alisema tusome uchachushaji, hakusema tuupike), nikaiba hamira ya maandazi ya mama, nikaimimina kwenye ndoo ya togwa na sukari ya kutosha, nikaisukuma chini ya kitanda siku tatu. Jumamosi asubuhi mjomba akapita na kirikuu yake, kigari chake cha mizigo, imejaa vitunguu vya kupeleka Mikumi, akaomba togwa. Ya halali ilikuwa kwenye jiko la nje, yangu ilikuwa chini ya kitanda nilicholalia. Uvivu, jamani. Nikainama, nikachota. Akanywa jagi zima, akafuta ndevu, akasema, "Leo umeipatia, mama, imechachuka vizuri," akaondoka, nami nikabaki najisifu.

Karibu na Mikumi mistari ya barabara ikaanza kumchezea. Hapa ndipo ninapomkubali huyu mzee, maana mwingine angekaza usukani akaomba Mungu, yeye akaegesha pembeni, akazima gari, akamfuata kwa miguu afande wa kike wa barabarani aliyemwona mbele, akamwambia leo sijielewi, nipime. Akapuliza kile kifaa cha kupima kilevi, namba ikapanda. Afande akaitazama kofia ya swala kichwani, akampulizisha tena. Ikapanda vilevile. Gari likazuiwa, leseni ikachukuliwa, mjomba akarudi kwa dhamana, na huko msikitini adhana akapewa mtu mwingine.

Majirani wakajaa na ushauri. Mmoja alitaka aseme kifaa kibovu, mwingine aseme alikunywa dawa ya kikohozi, mwingine aseme afande alimwonea. Akawasikiliza wote, akawakaribisha chai, akasema, "Kifaa hakikukosea. Kichwa kilikuwa si changu. Nikisema uongo ndiyo nitakuwa nimelewa kweli." Jioni ile akaniuliza togwa niliipika lini. Nikamdanganya, nikajibu jana. Akatikisa kichwa, hakuniuliza tena, na mimi sikulala vizuri mpaka siku ya kesi, maana akitiwa hatiani leseni ingefungiwa, kama si kwenda jela kabisa, na mjomba bila usukani simjui.

Siku ya kesi nikatoroka shule na sare yangu, chupa ya togwa iliyobaki nimeifunga kwenye kanga, bodaboda ikaitikisa katika kila shimo la mtaa wetu (kumbukeni hilo). Hakimu akamuuliza mjomba kama ana shahidi. Akasema hana. Nikanyoosha kidole kama darasani: "Mheshimiwa, naomba kujibu." Watu wakacheka. Nikapita mbele, na kwa hofu nikamwamkia shikamoo hakimu, mwendesha mashtaka, karani, na mtuhumiwa mmoja mwenye pingu aliyekuwa anasubiri zamu yake (yeye peke yake ndiye aliyeitikia marahaba). Nikaungama yote.

Mwendesha mashtaka, kijana mwenye shati jeupe lililonyooshwa likanyooka, akauliza swali la haki kabisa: mahakama itajuaje kwamba huyu binti hamwokoi mjomba wake? Nikatoa chupa. "Kielelezo namba moja, mheshimiwa." Nikaambiwa nifungue.

Kizibo kiligonga dari. Togwa ikamwogesha mwendesha mashtaka, ikaniogesha mimi, ikamalizia kwenye faili la karani, na chumba kizima kikanuka kama kilabu cha pombe. Hakimu akavua miwani, akaifuta, akanusa vidole vyake.

"Kielelezo kimepokelewa," akasema.

Kisha akamuuliza afande wa Mikumi, aliyekuja kutoa ushahidi upande wa mashtaka, na yule mama bila kupepesa macho akasema hakumkamata mtu, ni mtu ndiye aliyemfuata. (Naye namkubali.) Hakimu akasema kila mlevi husema hakujua, na kwa kawaida hilo halimsaidii, ila huyu amelishwa ulevi na mwingine bila kujua, na alipohisi tofauti hakuendelea hata hatua moja. Akamwachia huru, leseni arudishiwe. Halafu akamuuliza kama alinishuku.

"Nilimshuku, mheshimiwa."

"Mbona hukusema?"

"Sikuwa na hakika. Na jina la mtoto wa shule likishaingia kwenye jalada la polisi, nani atalifuta?"

Nililia hapo mbele, na sare inanuka vile.

Sasa shuleni sina jina, naitwa Kielelezo. Hamira ya mama inalala kabatini kwa ufunguo, na nimeapa togwa nitaipika asubuhi ileile ya kuinywa, nje, kila mtu anaona. Mjomba amerudi kuadhini, na Jumamosi anapita kama kawaida na vitunguu vyake, anaomba togwa kwangu, si kwa mwingine. Namimina, ananirudishia kikombe.

"Kielelezo, tangulia."

Nakunywa chote. Ananiangalia machoni, ananitembeza juu ya ukingo wa mtaro mpaka jikoni na kurudi, mikono nimeitanua, majirani wanachungulia. Nisipoyumba, ndipo anakunywa chake, anawasha gari.

Sijawahi kuyumba.