Jiko la Metresi Clémentine Lililopigwa Misumari

"Mwezi wa kenda, batoto yangu batapika mu cuisine yenye hata Lubumbashi haina." Ndivyo Metresi Clémentine, mwalimu mwenye shule yake, alivyosema siku ya proklamasyo, matokeo ya mwaka yanaposomwa, kipaza sauti mkononi, mbele ya wazazi wote wa mtaa wa reli, Kamina. Watu wakapiga makofi. Alikuwa anazungumzia watoto wa shule yake ya chekechea, ambao kazi yao kubwa mwaka ule ilikuwa kujifunza kutokula chaki.

Shule yenyewe ni vyumba viwili ndani ya parsele, yaani kiwanja cha nyumba, aliyoachiwa na marehemu Urbain, mumewe, fundi wa mabehewa. Clémentine si mtu wa kurudi nyuma. Akisema leo Jumanne na kalenda ikasema Jumatano, kalenda ndiyo itakayoondolewa ukutani.

Alianza kutafuta jiko la kuchezea kwa Zaituni, mfanyabiashara wa sokoni ambaye wazee wake walitoka Maniema. Zaituni alikuwa nalo moja la plastiki, la waridi, lenye robine isiyotoa maji. Hapo angalau lilifanana na mabomba ya Kamina. Clémentine akaligonga kwa kidole.

"Hii ni kopo, haiko jiko."

"Mama, batoto habatapika bukari ya kweli."

"Juu ya ile njo unauzisha uongo?"

Akaenda kwa Gamaliel, fundi wa mbao. Huyu akamtengenezea jiko refu, lenye kabati, na mbabula mbili, majiko ya mkaa, za kuchongwa, zilizopakwa rangi nyekundu ili makaa yaonekane kuwaka. Akauliza kama aliache lisimame tu.

"Piga misumari ku ukuta," Clémentine akasema. "Hapa kwetu kitu chenye hakifungwe kinatembea."

Mwezi wa kenda watoto walipanga mstari mbele ya jiko lile kama wakubwa mbele ya benki, ila wao walihudumiwa.

Kisha akaja Mbayo, msichana wa miaka mitano, kutoka upande wa Malemba-Nkulu, pamoja na bibi yake. Walikuwa wamekimbia watu wa bunduki. Mbayo hakuwa anasema. Siku ya kwanza alienda moja kwa moja jikoni, akashusha sufuria chini, akaibana kwa miguu kama mama mzima, akasonga bukari ya mavumbi, ugali wa kuchezea. Aliijua kazi. Halafu, bila mtu kumwambia kitu, akavua sweta, akafungia vyombo ndani, akashika jiko lenyewe ili aondoke nalo.

Jiko halikuondoka. Akavuta. Wenzake wakacheka. Akavuta mpaka ukucha ukatoka damu.

"Acha, mama, hii haiendake," Clémentine akamwambia, akimtoa taratibu.

Mbayo akapiga kelele. Ndiyo mara ya kwanza shule kusikia sauti yake. Tangu hapo akakataa kupita mlangoni.

Bibi ndiye aliyekuja, peke yake.

"Ile siku mama yake alikuwa anapika," akasema. "Tulipokimbia akakumbuka sufuria, akarudia kuichukua. Hakutoka tena. Mutoto anazania kama sufuria ilikuwa ya kufungwa tayari mu muzigo, mama yake angekuwa hapa. Sasa weye unamupa jiko yenye haitoke."

"Nkambo, ile ni ya kuchezea tu," Clémentine akamwambia bibi.

"Kwa weye."

Clémentine akamwita Gamaliel.

"Metresi, ku proklamasyo ulisema nini?" Gamaliel akamchokoza.

"Ngoa misumari, Gamaliel."

Ukuta ukabaki na matundu. Clémentine akanunua visufuria vya bati na mbabula ndogo nyepesi, akatoa kikwembe chake kimoja, kile kitenge cha kuvaa Jumapili, kiwe cha kufungia mizigo. Mbayo akarudi. Akawa anapika, anafunga, anabeba kichwani mpaka nyuma ya choo, anafungua, anapika tena. Kusema, bado. Lakini alianza kula.

Tabu ni kwamba wenzake waliuona mchezo mtamu. Darasa zima likawa linapika nusu, mmoja anasema "banakuya," wanakuja, na wote wanafunga mizigo na kukimbilia uzio. Watoto wa reli, ambao katika maisha yao hawajakimbia kitu kingine zaidi ya sindano.

Séraphin, baba mmoja wa kituoni, akaja amekunja uso.

"Mutoto wangu amefunga sufuria ya mama yake na bukari ndani. Asubui anatuuliza tutatokea mulango gani. Metresi, tunalipa batoto basome, habakuye kujifunza kukimbia."

Akamwondoa mtoto wake. Wengine wakamfuata.

Clémentine akajaribu kuficha kikwembe. Mbayo akaenda kukaa karibu na mlango wa parsele, kisufuria mapajani, akikishika kwa mikono yote miwili. Wenzake walikula. Yeye hakula.

Clémentine akashuka sokoni.

"Mama, nasikia umetoa jiko," Zaituni akasema. "Na batoto banakuishia."

"Unipimie kikwembe. Kila mutoto kipande yake ya kufungia muzigo."

"Ya wangapi?"

"Ya wenye banabakia."

Yadi moja ya kikwembe kwa Zaituni ni franka elfu tatu na mia tano, na Clémentine hakuomba bei ishuke.