Samadi Mbichi

Tangu tumzike Mama sijashika jembe. Leo jirani amemwaga samadi mbichi mpakani, na harufu yake imenirudisha kwenye tuta la kabichi la Mama, la kwanza kabisa.

Alilima tuta lile ili aache kuomba mboga kwa shangazi, dada yake Baba. Mama alijua migomba tu, na mgomba ukirundikiwa samadi inayofuka moshi unanenepa. Kwa hiyo akamwuliza shangazi kuhusu kabichi.

"Weka mbichi, wifi, tena isogeze mpaka shinani," shangazi alimjibu. Samadi yake mwenyewe aliiozesha kwanza miezi kadhaa. Nilikuwa nimeliona shimo lake.

Siku ya nne miche yote ilikuwa imeungua, majani yamejikunja na kuwa ya kahawia. Shangazi akapita na wanakwaya wenzake. "Njooni muone! Mke wa kaka yangu hapandi kabichi, anazipika!" Walicheka. Mama aliendelea kung'oa mche mmoja mmoja.

Jumapili, shangazi akiwa kanisani, niliwafungulia mbuzi wake mlango wa bustani yake. Nilisimama pale mpaka wakamaliza. Nilisikia raha, na raha ile haijaisha, sitadanganya.

Aliporudi alikuja uani kwetu akipiga mayowe. Mama aliitazama miguu yangu yenye tope, kisha akamgeukia.

"Pole, wifi," akasema taratibu. "Basi kesho tutakwenda kuomba mboga pamoja."