Kochi la Pili

Fundi makochi yule alikuwa na sharti moja kazini, alilowekewa na dada yake: kochi moja kwa wakati. Ulilochana ulifunge kwanza, ndipo uguse jingine. Mwaka juzi maradhi yake ya kupanda na kushuka kwa hisia, ambayo daktari huyaita baipola, yalimpandisha. Akachana makochi kumi na moja kwa siku mbili, bila kulala wala kula, anaimba tu. Kisha yakamshusha, akalala kifudifudi wiki sita, sponji za watu zimetapakaa hadi mlangoni. Ndipo mkewe alipomchukua binti yao wakahama.

Tangu hapo anameza vidonge na anajichunga kama mtu aliyebeba maji ya moto. Amelala vizuri? Amesema sana? Amecheka mno? Jamani, mtu mzima kujipekua hivyo kutwa kucha kunachosha kuliko kazi yenyewe.

Asubuhi hiyo mkewe akapiga simu. "Binti yako anataka kukaa kwako likizo nzima. Saa sita nitampigia wifi. Akisema umetulia, namleta."

Nani asingefurahi? Akafagia. Akahamisha meza, akairudisha palepale. Akapiga mluzi. Kochi la mteja likiwa bado wazi, akashika mkasi akachana la pili, dogo la kwake mwenyewe, amtengenezee binti pa kusomea.

Dada akaingia, akaona makochi mawili yamechanwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Jana umelala?"

"Nimelala, dada. Nimefurahi tu."

"Na mwaka juzi ulisema hivyohivyo."

Kweli alisema, tena kwa sauti hiyohiyo. Fundi akajitazama moyoni, akatafuta furaha inapoishia na maradhi yanapoanzia, asipaone. Akaogopa. Akazunguka chumba mara mbili, mkasi mkononi.

Saa sita simu ya dada ikalia.

"Nimwambie nini, mdogo wangu?"

Neno moja tu, "nimetulia", na binti angekuja. Lilimfika ulimini.

"Mwambie leo sijui," akasema. "Mwambie kesho naenda kliniki."

Dada akapokea. "Wifi, naomba usimlete kwanza. Tungoje daktari amwone." Akamtazama mdogo wake. "Ni yeye mwenyewe aliyesema."

Fundi akakaa sakafuni, furaha bado inamchemka kifuani, asijue aipeleke wapi.