Fuwele Isiyolia

Fundi wa maabara huufunga mlango wa friji kwa nyonga, taratibu, na ole wake atakayeubamiza. Mle ndani anakisubiri kimeng'enya, kile ambacho bakteria hutengenezea dawa, kigande kiwe fuwele ili umbo lake lionekane. Miezi yote hii amekuwa akikibembeleza kwa sauti ya chini: "Njoo, baba." Leo imeota fuwele moja, ndogo kuliko chembe ya mchanga, naye ameitoa na kuiweka chini ya darubini.

"Dada, usiiguse, ndiyo pekee," mwenzake anamsihi.

"Na ikiwa chumvi, mdogo wangu? Chumvi hulia 'ta!' ikibanwa kwa sindano. Kimeng'enya hakitoi mlio."

Anashusha sindano, pumzi kaibana. Fuwele inasagika kimya, laini kama majivu. Mwenzake anajishika kichwa. Fundi anafuta machozi kwa kiwiko, anacheka. "Ni chenyewe," anasema, na kuanza kuchanganya tone jipya la kuoteshea fuwele nyingine.